Shampeni ya mkulima: mbona chupa mbili za lebo moja hazifanani?

Swali: Mtaalamu, salaam. Miaka miwili iliyopita nilinunua chupa ya shampeni yenye jina la familia ambalo sikuwahi kulisikia. Muuzaji alisema ni ya mkulima mdogo anayetumia zabibu za shamba lake mwenyewe. Niliipenda: laini, yenye harufu ya mkate uliotoka kuokwa. Juzi nikanunua tatu nyingine, jina ni lile lile. Niliyoifungua ni kali kama ndimu, na mapovu yake machache. Lebo inasema Brut Nature, na pembeni kuna herufi ndogo RM. Je, nimeuziwa mvinyo mbovu? Rafiki yangu naye ana chupa yenye jina la familia, ila herufi zake ni RC. Tofauti ni nini? Na hizi mbili zilizobaki nizifanyeje?

Jibu: Kwa maelezo yako, ndugu msomaji, mvinyo huo si mbovu. Ulioharibika hujitangaza puani: hunuka kadibodi iliyolowa maji, au tofaa lililokatwa likaachwa mpaka likawa kahawia. Ukali wa ndimu ni tindikali ya zabibu yenyewe, na huko Champagne, kaskazini mwa Ufaransa, zabibu huvunwa zikiwa na tindikali nyingi kwa makusudi. Kwa hiyo swali lako la kweli ni kwa nini mara hii umeisikia na mara ile hukuisikia.

Eneo zima la Champagne lina hekta zipatazo 34,000 za mizabibu katika vijiji zaidi ya 300, na familia za wakulima zipatazo 16,000. Wakulima ndio wanaomiliki takriban asilimia 90 ya mashamba hayo. Lakini ukihesabu chupa zinazouzwa, kampuni kubwa zinachukua karibu asilimia 70. Maana yake kampuni hununua zabibu kwa wakulima wengi, kutoka vijiji vingi, kisha huchanganya. Krug, kwa mfano, hutumia mivinyo zaidi ya 120 ya miaka zaidi ya kumi kutengeneza Grande Cuvée yake moja. Kwa kampuni nyingi lengo la kuchanganya ni kwamba chupa ya mwaka huu ifanane na ya mwaka jana, mnywaji asishtuke. Ni ufundi mkubwa, na wanaoudharau mara nyingi hawajawahi kuujaribu.

Mkulima wako hana uwezo huo. Ana hekta chache, pengine zote katika kijiji kimoja au viwili vinavyopakana. Jalidi, yaani baridi ya kugandisha, ikiunguza machipukizi mwezi wa Aprili, imeunguza ya kwake yote. Wenye uwezo huweka akiba ya mvinyo wa miaka ya nyuma ili kuziba pengo, ila akiba ni fedha iliyolala kwenye tangi, na mwenye shamba dogo hawezi kulaza nyingi. Ndiyo maana hata chupa isiyoandikwa mwaka, ikiwa ni ya mkulima, hubeba sura ya mavuno ya mwaka mmoja zaidi ya mengine. Mavuno ya 2018, 2019 na 2020 yalikuwa ya jua na joto, zabibu zikaiva vizuri. Mwaka 2021 kukawa na jalidi, kisha mvua na ukungu kwenye majani. Chukulia chupa yako ya kwanza ilisimama juu ya 2018 na hii ya sasa juu ya 2021: hiyo peke yake inatosha kueleza nusu ya mshangao wako.

Nusu nyingine imo katika mambo mawili yanayofanyika ndani ya chupa yenyewe.

La kwanza ni muda. Mvinyo wa kawaida, usio na mapovu, ukishakuwa tayari hutiwa kwenye chupa pamoja na hamira na sukari, gramu 24 hivi kwa lita, kisha chupa hufungwa. Hamira hula ile sukari na kutoa gesi, nayo gesi haina pa kwenda. Ndiyo inayojenga mgandamizo wa kama mara sita ya ule wa hewa inayotuzunguka, yaani zaidi ya mara mbili ya upepo wa tairi la gari dogo. Hamira ikimaliza kazi hufa na kutulia kama mashapo. Hapo ndipo ile harufu ya mkate uliyoipenda inapozaliwa: seli zilizokufa huvunjika polepole na kuachia vitu vyake ndani ya mvinyo. Polepole kwelikweli. Sheria inadai chupa isiyo na mwaka ikae ghalani angalau miezi 15, na 12 kati ya hiyo iwe juu ya mashapo. Yenye mwaka ikae miaka mitatu. Wakulima wengi wazuri hupita hapo mbali. Lakini mwenye kudaiwa na benki, au aliyevuna kidogo mwaka uliotangulia, hushawishika kuuza mapema, na mvinyo wenye miezi 15 hauwezi kunukia kama wenye miezi 40.

La pili ni sukari ya mwisho. Mashapo yakishatolewa, chupa huongezwa mvinyo kidogo uliokolezwa sukari, kisha ndipo kizibo cha gome hutiwa. Lebo ikisema Brut, sukari haifiki gramu 12 kwa lita. Extra Brut ni kuanzia sifuri mpaka 6. Brut Nature ni chini ya 3, na hakuna iliyoongezwa kabisa. Hebu tafuta picha ya ile chupa ya kwanza kama uliipiga. Sitashangaa ukikuta iliandikwa Extra Brut au Brut, kwa sababu wakulima hubadilisha kipimo hiki mavuno kwa mavuno, huku jina na mchoro wa lebo vikibaki vile vile. Mimi binafsi naona mtindo wa kuacha sukari kabisa umepitiliza. Mwaka wa jua unaivumilia sifuri. Mwaka wa baridi, gramu tatu au nne hazifichi chochote. Ni kama chumvi kwenye mchuzi, hutaiona ila ikikosekana utajua.

Kwa hiyo geuza chupa usome lebo ya nyuma. Wakulima makini huandika tarehe ya kutolewa mashapo, kwa Kifaransa neno la kutafuta ni *dégorgé* au *dégorgement*. Egly-Ouriet wa Ambonnay huandika mpaka idadi ya miezi mvinyo uliyolala juu ya mashapo. Ukikuta tarehe ya miezi miwili mitatu iliyopita, jibu lingine hilo: mvinyo uliotoka tu kufunguliwa na kufungwa tena huwa umejikunyata, harufu haijatoka, tindikali imetangulia mbele.

Sasa herufi. RM ni kifupi cha *récoltant-manipulant*: mtu aliyevuna zabibu zake na kutengeneza mvinyo mwenyewe, kwenye ghala lake. Anaruhusiwa kununua zabibu za nje, lakini zisizidi asilimia 5. RC ni *récoltant-coopérateur*: naye ni mkulima wa kweli, mwenye shamba, ila hupeleka zabibu kwenye chama cha ushirika, ushirika ndio unaotengeneza, kisha yeye hurudishiwa chupa na kubandika jina la familia yake. Mara nyingi zabibu zake zimekwisha changanywa na za wanachama wenzake. Mvinyo unaweza kuwa mzuri tu, lakini rafiki yako asiambiwe kwamba ameonja shamba la mtu mmoja. Huo ndio mtego wa chupa zenye picha ya mlango wa zamani na jina la ukoo: aina zote mbili zinafanana kwa mbali, na herufi mbili zisizozidi punje ya mchele ndizo zinazozitenganisha. Utakutana pia na NM, yaani anayenunua zabibu, CM ambayo ni chapa ya ushirika wenyewe, na MA ambayo ni jina la muuzaji lililobandikwa kwenye mvinyo wa mtu mwingine.

Ila RM isikulevye. Inasema nani alitengeneza, haisemi alitengeneza vizuri. Nimeonja RM za wavivu, mizabibu imezaa kupita kiasi na mvinyo mwembamba kama maji ya kusuuzia glasi. Na wapo wakulima hodari waliojiandikisha NM ili tu waweze kununua zabibu za ndugu au jirani, kazi yao ikabaki ile ile. Sifa ya shampeni za wakulima ilijengwa na watu, herufi zikafuata. Anselme Selosse wa Avize alipunguza mazao shambani na kuchachusha kwenye mapipa ya mbao, wakati wengi waliomzunguka walikuwa wakifukuzia wingi. Jérôme Prévost wa kijiji cha Gueux alijipatia jina kwa shamba la Les Béguines, kwa zabibu ya meunier ambayo wengi waliiona ya kujazia tu. Shampeni zao hazifanani hata kidogo, na wala hazikukusudiwa kufanana.

Kuhusu mapovu machache, kabla hujamlaumu mkulima, ichunguze glasi. Mwanafizikia Gérard Liger-Belair wa Chuo Kikuu cha Reims ameonyesha kwamba mapovu hayachipuki kwenye mvinyo wenyewe. Huanzia kwenye vinyuzi vidogo vya kitambaa au vumbi vilivyonasa kwenye ukuta wa glasi, ambavyo hushika hewa ndani yake. Glasi iliyotoka kwenye mashine ya kuoshea, safi mno au yenye mabaki ya sabuni, inaweza kuufanya mvinyo wenye gesi tele uonekane umelala. Suuza kwa maji ya moto bila sabuni, futa kwa kitambaa cha pamba, ujaribu tena. Ulimi ukisikia mchomo wa gesi ilhali jicho halioni kitu, tatizo ni glasi.

Hizo mbili zilizobaki usizifungue sasa. Zilaze gizani mahali penye baridi isiyobadilika, nyuzi 10 hadi 12 za Selsiasi ikiwezekana, na mbali na mlango wa jokofu unaofunguliwa kila saa. Moja ifungue baada ya mwaka, nyingine uipe miaka miwili au mitatu. Tindikali haitapungua, ila harufu na uzito wa mvinyo vitakua mpaka viifunike. Siku ya kuinywa usiipoze kwa barafu mpaka igandishe ulimi. Nyuzi 10 zinatosha, na glasi iwe na tumbo pana, si ile nyembamba kama filimbi. Na ukienda dukani tena, muulize muuzaji maswali mawili kabla ya kulipa: imesimama juu ya mavuno ya mwaka gani, na mashapo yametolewa lini? Asipojua, mwombe akupe chupa uisome mwenyewe.