Kabla Hujasimulia Rekodi za Kikapu Kansas City, Ulizia Kwanza Jengo

Miaka kadhaa iliyopita binamu yangu, mtoto wa mjomba, alikuja kututembelea Kansas City akitokea Dodoma. Amecheza kikapu tangu sekondari, na kama Watanzania wengi wa rika lake alianza kufuatilia ligi za vyuo vya Marekani enzi za Hasheem Thabeet akiwa Connecticut, kabla hajachaguliwa wa pili katika usajili wa 2009 wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Nikaona nimtembeze kwenye historia ya mji. Nilimpeleka bondeni, eneo la West Bottoms, mbele ya jumba kubwa jeupe ambalo mihimili yake ya chuma imepita juu ya paa kama mifupa ya samaki, nikaanza kuhutubu: hapa ndipo Wilt Chamberlain na timu yake ya Chuo Kikuu cha Kansas walipofungwa kwa pointi moja mwaka 1957, na hapa hapa ndipo Kansas walipolipa kisasi mwaka 1988.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbwa wake alisimama, akasikiliza nilipokuwa nikirudia kwa Kiingereza, kisha akaniambia kwa upole kwamba jengo lile lilifunguliwa mwaka 1974. Chamberlain angechezaje ndani yake mwaka 1957? Binamu alinitazama, akainamisha kichwa, akasema tu, "Sawa kaka, twende basi huko kwenyewe."

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayetaka kusimulia, kuandika au hata kubishania rekodi za kikapu cha vyuo katika mji huu ni kutenganisha majengo. Yako matatu, na watu huyachanganya kila siku. La kwanza ni Municipal Auditorium, jumba la manispaa lililo katikati ya mji kwenye mtaa wa 13, lililojengwa katikati ya miaka ya 1930 kwa mawe na kwa mtindo wa mapambo wa zama zile, lenye nafasi ya watazamaji wapatao 10,000. La pili ni Kemper Arena, lile la bondeni, ambalo paa lake liliporomoka katika dhoruba ya Juni 1979, bahati nzuri likiwa tupu, likatengenezwa upya, na tangu 2018 linaitwa Hy-Vee Arena. La tatu lilifunguliwa mwaka 2007 kwa jina la Sprint Center na sasa linaitwa T-Mobile Center.

Mtu anaweza kuuliza kuna hasara gani kuyachanganya, maadamu yote yako mji mmoja. Hasara ipo, nami naiona kubwa. Chuo Kikuu cha Kansas kiko Lawrence, mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka jumba la manispaa, na ndicho chuo ambacho James Naismith, aliyeubuni mchezo wenyewe, alikifundishia kwa miaka mingi. Hata hivyo Kansas walicheza fainali 3 za NCAA, mashindano makuu ya ubingwa wa vyuo vya Marekani, ndani ya jumba hilo na wakapoteza zote 3: mwaka 1940 mbele ya Indiana kwa 60 kwa 42, mwaka 1953 mbele ya Indiana hao hao kwa 69 kwa 68, na mwaka 1957 mbele ya North Carolina kwa 54 kwa 53. Ukihesabu mji wote, utaongeza ushindi wao wa 1988 dhidi ya Oklahoma, 83 kwa 79, ambapo Danny Manning alifunga pointi 31 na kunyakua ribaundi 18, yaani mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa, baada ya timu hizo kwenda mapumziko zikiwa 50 kwa 50. Ushindi huo ni wa Kemper. Ukiuchanganya na zile fainali 3, umeufuta uchungu wa vizazi viwili vya watu waliotoka Lawrence wakiwa na matumaini na kurudi usiku wakiwa kimya garini.

Jambo la pili ni kujua kilichohesabiwa. Jumba la manispaa lina rekodi ambayo hakuna jengo jingine lililoifikia: limeandaa fainali 9 za NCAA za wanaume, mwaka 1940, 1941, 1942, 1953, 1954, 1955, 1957, 1961 na 1964. Madison Square Garden ya New York, ile ya zamani, iliandaa 7. Utasikia pia watu wakisema 10, na hawasemi uongo, kwa sababu wanahesabu mji na kuingiza ile ya Kemper ya 1988. Wengine wataingiza na fainali ya wanawake ya 1998, iliyochezwa Kemper pia, Tennessee walipowafunga Louisiana Tech 93 kwa 75 na kumaliza msimu wakiwa wameshinda mechi 39 bila kupoteza hata moja. Isitoshe, watu wamezoea kusema kwamba jumba hilo limeandaa "Nne Bora", yaani hatua ya timu nne za mwisho, mara 9, ilhali katika fainali zile tatu za mwanzo, kuanzia 1940 hadi 1942, ni timu mbili tu zilizokutana siku ya mwisho, kwani hatua ya kabla yake ilikuwa mashindano ya kanda. Utaratibu wa kuzileta timu nne mahali pamoja kwa nusu fainali na fainali ulianza mwaka 1952. Mimi sasa huandika "fainali 9", na nikimkuta mtu anayeng'ang'ania neno jingine, humwuliza kwa adabu anahesabu nini.

Jambo la tatu, ambalo ningependa kulikawilia, ni kuisoma namba pamoja na kanuni za siku yake. Chukua ile 54 kwa 53 ya Machi 23, 1957. Kijana wa leo akiiona husema timu zilikuwa dhaifu. Lakini siku zile hakukuwa na saa ya kuilazimisha timu kurusha mpira. Saa hiyo ilianza kutumika katika mashindano yote ya vyuo vya wanaume msimu wa 1985 hadi 1986, na mtupo wa pointi tatu ukafuata msimu uliofuata. Timu iliyotangulia kwa pointi mbili iliweza kuushika mpira, kuuzungusha, kuurudisha nyuma, huku ukumbi mzima ukipiga kelele. Mechi ile iliisha dakika zake 40 ikiwa 46 kwa 46. Katika muda wa nyongeza wa kwanza kila upande ulipata pointi 2 tu. Katika wa pili hakuna aliyefunga hata pointi moja. Katika wa tatu ndipo mambo yalipofunguka, na zikiwa zimebaki sekunde 6, Joe Quigg wa North Carolina akafanyiwa madhambi, akasimama kwenye mstari na kuingiza mitupo huru miwili. Kansas wakajaribu kumtafuta Chamberlain chini ya kikapu, Quigg akaugusa mpira, Tommy Kearns akaudaka na kuurusha juu darini ili muda uishe ungali hewani.

Kearns huyo ndiye aliyetumwa na kocha Frank McGuire mwanzoni mwa mechi kuruka na Chamberlain kugombea mpira wa kwanza. Kearns alikuwa na urefu wa takriban mita 1.80, Chamberlain alizidi mita 2.13. Kearns aliukosa mpira, kama kila mtu alivyotarajia, na sidhani kama McGuire alitaka aupate. Alitaka kumkera jitu lile. Kumbuka pia kwamba usiku uliotangulia, katika nusu fainali dhidi ya Michigan State, North Carolina walikuwa wamecheza nyongeza 3 nyingine na kushinda 74 kwa 70. Nyongeza 6 ndani ya siku mbili, na walimaliza msimu kwa ushindi wa mechi 32 bila kupoteza. Chamberlain, aliyefunga pointi 23, alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano ingawa timu yake ilifungwa. Haya yote hayamo katika 54 kwa 53 ukiitazama peke yake.

Kanuni zenyewe wakati mwingine zilibadilishwa na waliocheza humo. Mwaka 1955 Bill Russell wa San Francisco alipata pointi 23 na ribaundi 25 katika fainali dhidi ya La Salle, bingwa mtetezi, na San Francisco wakashinda 77 kwa 63. Muda si mrefu baadaye lile eneo lililochorwa chini ya kikapu lilipanuliwa kutoka futi 6 hadi futi 12, ili mtu mrefu asipate kupiga kambi karibu mno. Kwa hiyo ribaundi za Russell na ribaundi za Chamberlain miaka miwili baadaye, ingawa zilichukuliwa kwenye sakafu ya ukumbi mmoja, si za uwanja wenye mistari ile ile.

Kisha ziko rekodi zilizofutwa. Mwaka 1961, kabla ya fainali ya Cincinnati na Ohio State, Saint Joseph's na Utah waligombea nafasi ya tatu kwa nyongeza 4, mpaka fainali ikachelewa kuanza, na Saint Joseph's wakashinda 127 kwa 120. Baadaye wachezaji wa Saint Joseph's wakaingia katika kashfa ya kamari, na nafasi hiyo ya tatu ikafutwa kwenye vitabu. Niliwahi kuiandika kama ilivyokuwa kabla ya kufutwa, na aliyenisahihisha kwa ujumbe wa simu kutoka Dodoma si mwingine ila binamu. Siku hizi naandika mambo yote mawili: mechi ilichezwa na matokeo yalikuwa yale, lakini nafasi haitambuliki.

Sasa nifike kwenye swali ambalo mimi mwenyewe nililichelewa kuliko yote: nani hakuruhusiwa kuingia? Fainali za NCAA ndizo zinazosimuliwa, lakini mashindano yaliyokaa zaidi katika jumba la manispaa ni ya vyuo vidogo, yale ambayo leo huitwa ya NAIA. Yalianza humo mwaka 1937 yakiwa na timu 8, Naismith akiwa miongoni mwa waliosaidia kuyaanzisha, na mwaka uliofuata zikawa 32. Yalikaa humo hadi 1974, yakahamia Kemper, yakaenda Tulsa mwaka 1994, yakarudi mwaka 2002. Timu iliyotaka ubingwa kati ya timu 32 ilipaswa kushinda mechi 5 ndani ya wiki moja. Rekodi za miaka 11 ya mwanzo, hata hivyo, ziliwekwa chini ya kanuni iliyowakataza wachezaji weusi kushiriki. Mwaka 1947 John Wooden, wakati huo kocha wa Indiana State, aliukataa mwaliko kwa sababu kijana wake Clarence Walker asingeruhusiwa kucheza. Mwaka 1948, baada ya shinikizo la vyuo vingine pia, kanuni ikaondolewa, Walker akawa mchezaji mweusi wa kwanza katika mashindano hayo, na Indiana State wakafika fainali na kufungwa na Louisville, 82 kwa 70. Miaka 16 baadaye, mwaka 1964, Wooden alirudi katika jumba hilo hilo akiwa na UCLA, Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles, akawafunga Duke 98 kwa 83, akamaliza msimu kwa ushindi 30 bila kupoteza, na huo ukawa wa kwanza katika ubingwa wake 10.

Na katika mwezi ule ule wa Machi 1957 ambao kila mtu anausimulia kwa sababu ya Chamberlain, siku chache tu kabla yake, sakafu ile ile ilishuhudia Tennessee A&I, chuo cha Wamarekani weusi kutoka Nashville, kikichukua ubingwa wa NAIA. Kocha wao alikuwa John McLendon, aliyesoma Kansas chini ya Naismith katika miaka ya 1930 lakini hakuruhusiwa kuichezea timu ya chuo kwa sababu ya rangi yake. Walirudi wakachukua tena mwaka 1958, wakachukua tena mwaka 1959, wakiwa na Dick Barnett ambaye baadaye alitwaa ubingwa wa NBA na New York Knicks. Ubingwa 3 mfululizo, miaka 10 kabla UCLA hawajatimiza wao. Nilikuwa nimeishi mji huu miaka mingi, nikiijua kila sekunde ya mechi ya Chamberlain, bila kujua habari hii, na kosa hilo linanikera kuliko lile la jengo.

Ukija kutazama kwa macho yako, njoo Machi wakati wa NAIA, uchague mechi ya mapema na ukae juu kabisa. Hakuna nguzo ya kukuzibia, tiketi ni nafuu, na watazamaji ni wazazi na wanafunzi wachache, kwa hiyo utamsikia kocha akimwita mchezaji kwa jina. Nenda na daftari. Langu lina safu tano: mwaka, jengo, mashindano, kanuni za mchezo, na walioruhusiwa kucheza. Pointi huziandika mwisho, pembeni. Tulipokwenda hatimaye na binamu, alilichukua daftari hilo kabla mechi haijaanza, akalipitia ukurasa kwa ukurasa, akauliza kwa nini safu ya tano ilikuwa tupu katika nusu ya mistari, nasi tukakaa pale juu tukiijaza hadi robo saa ya kwanza ya mchezo ikatupita.