Watoto wa chekechea na moto: anza na kuwazoeza wasijifiche
Mwalimu, umeuliza uanzie wapi kuwafundisha watoto wa chekechea kujikinga na moto. Mimi ningeanza na kuwazoeza wasijifiche. Mtoto mdogo akiogopa hukimbilia uvunguni au nyuma ya mlango, na moshi humkuta hukohuko huku wakubwa wakimtafuta nje. Kwa hiyo wazoeze kutoka. Piga kengele, watambae hadi mlangoni (moshi hupanda juu, hewa nzuri hubaki karibu na sakafu), kisha wakusanyike chini ya mti mliokubaliana, uwahesabu. Rudieni mpaka watoke bila kusukumana, na asirudi mtu kufuata begi wala kiatu.

Nguo ikishika moto: simama, lala chini, funika uso, jiviringishe. Hilo wanalipenda sana, lifanye mchezo. Ila picha za watu walioungua usiwaonyeshe, tafadhali. Zinawatia hofu tu. Akiokota kiberiti, amwite mkubwa. Namba ya zimamoto Tanzania ni 114, iimbeni pamoja.

Wazazi nao waambie: palipoungua pamwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si dawa ya meno wala unga.