Mwanangu, zile barua za Jenerali Lee zisome zote

Mwanangu baba,

Meseji yako niliisoma jana usiku nikaona nisikujibu juujuu, umeuliza jambo zito. Unasema huko chuoni mmepewa kazi ya kuandika juu ya Robert E. Lee, yule jenerali aliyeongoza jeshi la Kusini kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 1861 hadi 1865, na umesoma barua zake za nyumbani ukashangaa, maana ni mtu mpole, mcha Mungu, anaulizia watoto, anaulizia mpaka paka, anamwambia mkewe amemkumbuka. Alafu ukaniuliza, "Mama, mtu wa hivi anapiganiaje utumwa, niamini barua au niamini vita?"

Mimi nasema amini barua. Ila uziamini zote, sio zile za watoto na paka peke yake.

Unajua mama yako kazi yangu ilikuwa masjala, na masjala inakufundisha kitu kimoja mapema sana, kwamba barua ikitolewa kwenye faili lake inaweza kusema chochote. Mtu anakuja dirishani ameshika barua ina muhuri ina sahihi, inasema kiwanja ni chake, na barua yenyewe ni halali kabisa, sasa wewe fungua jalada, unakuta folio inayofuata ni barua ya kuifuta ile, na yeye anajua, ndo maana kaja na moja tu. Hivo ndo nilivyomsoma huyu jenerali wako, nimekaa na simu wiki nzima hii, umeme huku Kirumba unakatika unarudi, baba yako ananiuliza kwani na wewe umejiunga chuo.

Kwanza ile nukuu uliyoiweka mwanzo wa kazi yako, ile inayosema wajibu ndilo neno tukufu kuliko yote, kwamba Lee alimwandikia mwanae wa kwanza alipokuwa West Point, chuo cha kijeshi cha Marekani, itoe. Ile barua ni ya kughushi. Ilitokea kwenye gazeti la New York mwaka 1864, vita bado inapiganwa, wakadai imekutwa kwenye nyumba ya Lee ya Arlington, watu wakaipenda wakaifundishia watoto shuleni miaka na miaka mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 ndo ikaonyeshwa kuwa ni feki. Mtu akipendwa sana anaandikiwa hata barua ambazo hakuandika, hilo uliangalie kwa kila mkubwa wa vita utakayemsoma.

Zile za kweli sasa, zipo nyingi mno. Na zingine zimejulikana juzijuzi tu! Mwaka 2002 kwenye benki moja ya Alexandria, Virginia, walikuta masanduku mawili ya safari ndani ya chumba cha kuhifadhia mali, yaliwekwa na binti yake mkubwa, Mary Custis Lee, mwaka 1917, mwaka uliofuata akafariki, masanduku yakakaa pale zaidi ya miaka 80 hakuna anayeyaulizia. Ndani maelfu ya karatasi za familia. Mimi niliposoma hiyo habari moyo ulinidunda kabisa, fikiria wewe ndo unafungua lile kufuli.

Na huko kwenye barua upole wake ni wa kweli, mwanangu, sitaki ufikiri alikuwa anaigiza. Oktoba 1862 binti yake Annie alifariki, ana miaka 23, baba yuko vitani hakuweza hata kumzika. Msaidizi wake anasimulia kwamba asubuhi ile jenerali alipokea barua za nyumbani, alafu akakaa naye wakapitia shughuli za jeshi kama kawaida, akatoa maagizo, hakuonyesha kitu, yule msaidizi akatoka, aliporudi ghafla hemani akamkuta barua iko mkononi na machozi yanamtoka. Akamwandikia mkewe kwamba kujua hatamuona tena binti yao duniani ni uchungu uliopita kiasi. Mimi ni mzazi, nimelia hapo, sioni aibu kukwambia.

Mwezi Agosti 1863 tena, baada ya kushindwa Gettysburg, alimwandikia rais wao Jefferson Davis kuomba atafutwe mtu mwingine wa kuongoza jeshi, lawama hakumtupia mtu. Viongozi wangapi wanaandika barua kama hiyo? Hilo mpe, ni haki yake.

Sasa fungua folio zingine. Tarehe 27 Desemba 1856 yuko Texas kikazi, anamwandikia mkewe, kwa mkono uleule na sauti ileile ya upole, kwamba utumwa ni uovu wa kimaadili na wa kisiasa katika nchi yoyote. Wanaomtetea huwa wanakata hapo. Endelea kusoma, anasema uovu huo unawaumiza zaidi wazungu kuliko weusi, anasema watu weusi wako kule Marekani katika hali bora kupita kiasi kuliko wangekuwa Afrika, na kwamba mateso wanayopitia ni nidhamu inayohitajika kuwafundisha, na utumwa huo utadumu mpaka lini anajua Mungu mwenye hekima na rehema.

Mimi nilisimama nikatoka nje kidogo. Huyu bwana hakuwahi kukanyaga Afrika. Mwaka huo 1856 Speke, yule mpelelezi Mwingereza, hata hajafika kwenye hili ziwa letu la Victoria, alikuja kuliona Agosti 1858 akitokea Kazeh, ndo Tabora ya leo, akashangaa ukubwa wake, na watu walikuwa wamekaa hapa wanalima wanavua wana watemi wao wana sheria zao. Najua wengi waliopelekwa Virginia walitoka Afrika Magharibi sio huku kwetu, lakini yeye kaandika Afrika, yote, na hajui hata sehemu moja, na anaandika kwa utulivu kabisa anamwandikia mke wake Krismasi imepita juzi. Ukali angekuwa nao tungesema hasira. Hapa hakuna hasira, mwanangu, ni huohuo upole na huyohuyo Mungu anayemwomba kwa ajili ya wanae, ndo anamkabidhi kazi ya kuwafungua watu ambao funguo anazo yeye.

Na funguo alizipata kweli. Oktoba 1857 baba mkwe wake, George Washington Parke Custis, alifariki akaacha wosia kwamba watumwa wake, karibu 200, waachwe huru ndani ya miaka mitano, na Lee akawa msimamizi wa mirathi. Shamba lina madeni, wajukuu wa kike wameandikiwa fedha, hela hakuna. Wale watu wenyewe waliamini marehemu aliwaahidi uhuru akishafumba macho. Lee akaona kwanza wafanye kazi madeni yalipwe, akawakodisha kwenye mashamba ya mbali, akaenda na mahakamani kuomba muda zaidi. Na ukikodisha baba huku na mama kule umeshavunja nyumba. Mwanahistoria mmoja aliyepitia karatasi za familia hiyo aliandika kwamba kufikia 1860 alikuwa amezitenganisha familia zote za pale isipokuwa moja.

Shika hapo. Tarehe 25 Desemba 1862, baada ya kushinda Fredericksburg, anamwandikia mkewe kwamba vita ni kitu cha kikatili kweli, kinatenganisha na kuharibu familia na marafiki, kinaharibu furaha safi kabisa ambazo Mungu ametupa duniani. Ni barua nzuri mno, wanainukuu kila mahali. Siku nne baadaye, tarehe 29, ndo anasaini hati ya kuwaacha huru wale watu wa mirathi, miaka mitano imeisha, na siku tatu mbele yake tangazo la Rais Lincoln la kuwaacha huru watumwa wa Kusini linaanza kufanya kazi. Karatasi mbili, wiki moja, mkono mmoja. Kwenye ile ya kwanza analia juu ya familia zinazotenganishwa, na watu wanaotajwa kwenye ya pili hawajaingia kabisa kwenye kilio hicho. Ukiniuliza mimi, kazi yako yote ianzie kwenye hizo karatasi mbili.

Alafu kuna Wesley Norris. Mwaka 1859 yeye na dada yake Mary na binamu yao walitoroka Arlington, wakakamatwa Maryland wakiwa wanakaribia Pennsylvania, wakarudishwa. Norris alisimulia mwenyewe mwaka 1866 alipokuwa huru, na likachapishwa kwenye gazeti la wapinga utumwa. Anasema Lee aliwauliza kwanini wametoroka wakamjibu kwamba wanajihesabu kuwa watu huru, akasema atawapa fundisho wasilisahau. Wakafungwa kwenye nguzo, msimamizi wa shamba akakataa kuwachapa, akaitwa konstebo wa kaunti, wanaume viboko 50 kila mmoja, Mary viboko 20, Lee amesimama hapo anamwambia konstebo achape vizuri, na ikishaisha migongo ikaoshwa na maji ya chumvi.

Lee naye ana barua yake. Mwaka huohuo 1866 aliandika kwamba hakuna neno moja la kweli kwenye habari hiyo. Sasa utamwamini nani? Mimi kama karani naomba daftari la hesabu, na lipo, kitabu chake mwenyewe cha mwaka 1859 kina malipo kwa konstebo huyohuyo kwa kukamatwa kwa watoro. Na Julai 1859 alimwandikia mwanae kwamba gazeti la New York limemshambulia kwa jinsi anavyowatendea watumwa wa babu yake, lakini hatajibu, na kwamba mzee kamwachia urithi usiopendeza. Kwenye hiyo barua hasemi kwamba ni uongo. Isome polepole utaona, analalamika kusemwa.

Ndo maana nakwambia amini barua, zinamshtaki zenyewe hata pale anapojitetea. Hata ile barua yake ya kujiuzulu jeshi la serikali ya Marekani, 20 Aprili 1861, inasomeka kana kwamba mtu wa Virginia, jimbo lililojiunga na Kusini, hakuwa na njia nyingine, na siku hiyohiyo anamwandikia dada yake kwamba hawezi kuinua mkono dhidi ya ndugu zake, watoto wake na nyumbani kwake. Inagusa. Lakini angalia ya kujiuzulu imeandikwa kwa nani, ni kwa Jenerali Winfield Scott, naye mzaliwa wa Virginia hukohuko, na Scott akabaki na serikali. Siku zote ukisoma barua angalia na aliyeandikiwa, wengi wanaruka hapo.

Habari ya sanamu uliyouliza, ile ya Richmond iliyosimamishwa 1890 wakaishusha Septemba 2021, mimi naona walichelewa, na sina zaidi ya hapo, sanamu haikufundishi kitu ambacho barua haijasema.

Nilichotaka sana ukione ni hiki. Mule mule kwenye barua zilizoingia kwa familia ya Lee kuna za William na Rosabella Burke, waliokuwa watumwa wao, wakapewa uhuru wakaenda Liberia na watoto wao mwaka 1853. Huyu William alikuwa fundi viatu, kule akasoma akawa mchungaji. Walikuwa wanamwandikia mke wa Lee. William anaeleza shida za huko wala hafichi, alafu anasema anamshukuru Mungu kwa kumleta upande huo wa dunia, na Rosabella anaandika mwaka 1859 kwamba anaipenda Afrika na hawezi kuibadilisha na Marekani. Yaani jibu la ile barua ya 1856 liliingia nyumbani kwake kwa posta, limeandikwa na watu waliokuwa wake! Wengi wa waliotekwa hawakuacha hata mstari mmoja, huku kwetu pia misafara imepita na watu wamechukuliwa na hakuna sanduku benki la kufungua, kwa hiyo penye mstari wa Rosabella au maneno ya Norris wewe yape nafasi sawa na ya jenerali, usiyaweke mwishoni kama nyongeza.

Baba yako anakusalimia, amerudi mwaloni saa hizi, dagaa bei imepanda lakini nitakufungashia, kondakta wa basi la Jumamosi ananifahamu. Bibi yupo Ukerewe hajambo, anauliza unamaliza lini. Ukishaandika nitumie niisome kabla hujampelekea mwalimu, na ile nukuu ya wajibu nisiikute.

Mama yako