Gundi au nyuzi kwenye mshono wa sijeri (kujifungua kwa operesheni)? Nimepitia vyote viwili

Dada mleta mada, umesema dokta kakupa uchaguzi kwenye sijeri yako ya pili, ngozi ifungwe kwa nyuzi kama ile ya kwanza au kwa gundi, na unaogopa gundi isije ikaachia ukikohoa. Ngoja nikujibu kwa urefu maana naona hapo juu wengine wamejibu juu juu tu na mmoja anasema eti ni supa gluu ya dukani.

Mimi nilijifungua kwa operesheni nikashonwa zile nyuzi za kutolewa, baadae nikatolewa mfuko wa nyongo kwa operesheni ya matundu na matundu yale wakayafunga kwa gundi. Makovu yote yako kwenye tumbo hili hili.

Kwanza shika hili kabla ya yote, gundi inafunga ngozi ya juu TU. Mfuko wa uzazi unashonwa kwa uzi unaoyeyuka, ule utando mgumu unaobeba ukuta wa tumbo nao unashonwa, na mara nyingi hata chini ya ngozi wanapitisha uzi kwanza kingo zikutane ndo wapake gundi. Kwa hiyo hofu ya utumbo kutoka kisa gundi itoe kichwani kabisa, kinachoshika tumbo ni uzi.

Hiyo ya supa gluu: ukoo ni mmoja kweli, sianoakrileti, Harry Coover aliigundua Marekani mwaka 1942 wakitafuta plastiki ya darubini za bunduki na kwenye vita ya Vietnam ikawa inapuliziwa kwenye majeraha kuzuia damu. Ila ya dukani inatoa joto kali, inachubua nyama na haijatakaswa, ya hospitali imetengenezwa tofauti na Marekani waliiruhusu 1998. Tafadhali mtu asijipake ya dukani nyumbani.

Sasa raha ya gundi. Hakuna kurudi kutolewa nyuzi, na aliyetolewa anajua, nesi anashika fundo kwa koleo, anakata, anavuta ule uzi umegandana na damu unasikia unapita ndani ya ngozi, mwili mzima unasisimka. Gundi yangu ilikuwa ya zambarau, ngumu kama rangi ya kucha, baada ya kama wiki ikaanza kubanduka pembeni yenyewe na nguo ikawa inaivuta, kipande kinachoning'inia unakata kwa mkasi, HUBANDUI hata kama kinawasha vipi.

Tabu yake sasa. Tafiti zilizokusanywa na Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, zinaonesha kidonda cha gundi kinaachia mara nyingi zaidi kuliko cha nyuzi, ndo maana hawapendi kuiweka kwenye goti au kiwiko au sehemu yoyote inayovutwa sana, wala kwenye kidonda kichafu au cha kung'atwa na mbwa. Na haitaki mafuta wala kuloweshwa. Vaselini inailainisha, mafuta ya nazi usijaribu. Kuoga maji ya kumwagika haraka sawa halafu unakausha kwa kugusagusa na taulo, usisugue. Wewe umesema mama anakuja kukukanda, basi mwambie mapema kabla hujaingia wodini, yale maji ya moto na kitambaa kinachominywa juu ya tumbo kila asubuhi gundi haivumilii, na kusema kweli hata mshono wa nyuzi ukiwa mbichi hautakiwi kukandwa hivyo, nyie mkandane mgongo na miguu.

Ungeniuliza mimi, kwa sijeri nisingechukua gundi peke yake. Mshono uko chini kabisa pale tumbo linapokunjika, jasho la Dar unalijua, unainama kumnyanyua mtoto usiku kucha. Ningemwomba dokta ule uzi unaoyeyuka unaopita chini ya ngozi, haurudi kutolewa, kovu linabaki mstari tu, na akitaka kuongeza gundi juu yake aongeze. Kama una asili ya keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita kidonda, mwambie pia, maana gundi haizuii keloidi, hapo wamekudanganya waliosema.

Halafu kitu kimoja watu hawakitaji, je umewahi kubandika kope au kucha bandia ukavimba au kuwashwa? Gundi nyingi za kope na kucha nazo ni za ukoo huo huo, kwa hiyo ukishawahi kupata hivyo mwambie dokta KABLA, ataiacha kabisa. Na ukiona vipele vinavyowasha vinafuata mstari wa gundi siku kadhaa baadae rudi hospitali, sisi weusi wekundu hauonekani vizuri kwa hiyo usisubiri wekundu, angalia joto, uvimbe, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, harufu, usaha au homa. Ukiona kimojawapo nenda siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki.