Kampuni ya tramu ilinufaikaje na bustani ya burudani?

Huenda unajiuliza kampuni ya tramu, yaani mabehewa ya umeme yanayobeba abiria kwenye reli za mjini, ilitaka nini kwenye mambo ya bembea. Ilitaka nauli za wikendi. Chukua bustani ya burudani ya Kennywood, karibu na Pittsburgh, Marekani, iliyoanzishwa 1898 na kampuni ya Monongahela Street Railway. Siku za kazi tramu zilijaa. Jumapili zilitembea karibu tupu, huku reli, mabehewa na mitambo ya umeme vikiwa vimeshagharimiwa. Ukiweka mahali pa pikiniki na ukumbi wa dansi kando ya njia yako, kila familia inalipa nauli kwenda na kurudi.

Mwaka 1906 wafanyabiashara wawili, Henninger na McSwigan, wakaikodi Kennywood, na burudani yenyewe ikawa ndiyo biashara. Rolakosta yake (reli ya burudani yenye miinuko na miteremko mikali) iitwayo Jack Rabbit (1920) bado inafanya kazi. Mbunifu wake, John Miller, alipitisha reli ndani ya korongo lililokuwepo, akaepuka kujenga jukwaa refu la mbao. Mteremko wake maarufu, kama mita 21, una hatua mbili: hiyo ya pili humnyanyua abiria kitini. Behewa haling'oki kwa sababu lina magurudumu mengine yanayopita chini ya reli.

Bustani nyingi za namna hii ziliuawa na magari binafsi.