Siku mbili na nusu Lisbon: anza mezani

Ndugu, umeuliza ufanye nini Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwa siku mbili na nusu kabla ya kupanda ndege nyingine, uone nini na ule nini. Mimi nilikaa siku tatu nikitokea harusini Uingereza. Ujue tu kwamba anayekujibu ni mtu wa Mombasa aliyekulia karibu na Ngomeni, ile Fort Jesus waliyoijenga Wareno, kwa hiyo nilikwenda na kinyongo changu cha kihistoria. Nilirudi nacho, lakini nimenenepa.

Chakula kwanza. Siku ya kwanza niliketi kwenye kimgahawa cha Alfama, mtaa wa zamani wenye vichochoro na ngazi. Kabla sijaagiza, mhudumu akaniwekea mkate, zeituni na jibini. Nikasema moyoni, hawa wanajua kupokea mgeni. Kumbe kitu hicho wanakiita couvert, na ukigusa unalipia. Ukisema hutaki wanaondoa bila kununa. Mimi nilikuwa nimeshamaliza zeituni zote.

Bacalhau ni ng'onda, na asinibishie mtu. Ni samaki wa bahari za baridi, anatiwa chumvi na kukaushwa, kisha anarowekwa siku nzima au zaidi akibadilishwa maji ndipo apikwe. La kuchekesha ni kwamba samaki wenyewe wanatoka mbali, Norway na Iceland, ilhali Wareno wana bahari yao mlangoni. Agiza bacalhau à Brás: samaki amechambuliwa akachanganywa na mayai, vitunguu na viazi vya kukaanga vilivyokatwa vyembamba kama njiti. Mkono wa chumvi ni uleule wa nyumbani. Nilipoomba kitu cha kuwasha nikaletewa chupa imeandikwa piri-piri. Nikacheka peke yangu. Meli za Wareno ndizo zilizoitoa mbegu ya pilipili hii Amerika na kuitawanya huku kwetu, halafu jina wakalichukua Afrika. Na chupa yenyewe imewekwa juu ya mesa, kando ya copo la maji. Meza na kopo, hayo tuliyachukua kwao.

Pweza wao wanamwita polvo. Kuna pishi la à lagareiro, pweza wa kuoka na mafuta mengi ya zeituni, kitunguu saumu na viazi vilivyopondwa kidogo kwa maganda yake. Alikuwa laini kuliko pweza yeyote niliyewahi kula, na nasema hivyo nikijua watu wa Forodhani, Zanzibar, watanitukana. Kama unakwenda Juni utakuta pia dagaa wakubwa, sardinhas, wanachomwa makaa barabarani kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu Antonio, tarehe 13.

Kama huli nguruwe kama mimi, fungua macho. Mkate wa bifana unaouzwa kila kona ni nguruwe, na hata supu ya majani ya caldo verde huwekewa kipande cha soseji ya nguruwe. Nilipochoka kuuliza nilikwenda Rua do Benformoso karibu na Martim Moniz, kuna migahawa ya Wabangladeshi yenye nyama halali.

Tuje kwenye kuona. Asubuhi moja ipe Belém, mtaa wa kando ya mto, si zaidi, na isiwe Jumatatu kwa sababu Jerónimos, ile nyumba kubwa ya kale ya watawa, hufungwa. Foleni ya ua wa ndani ni ndefu, lakini kanisa lina mlango wake. Ukiingia tu, hapo karibu na mlango, kuna kaburi la Vasco da Gama, sanamu yake imelala na jahazi limechongwa ubavuni. Alifia Kochi, India, mwaka 1524. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Huyu ndiye aliyefika Malindi mwaka 1498 akapewa rubani wa kumvusha bahari mpaka India. Nahodha amejengewa kaburi la fahari. Rubani hata jina lake wanahistoria wanabishania. Na neno lao la kanisa, igreja, ndilo wengi wanalosema limetupa sisi gereza. Mtu aliyekulia kivulini mwa Ngome hahitaji kufafanuliwa.

Ukitoka hapo nenda Pastéis de Belém, wanaoka tangu 1837. Usiogope foleni ya nje, ni ya wanaobeba. Ndani kuna vyumba na vyumba vya kukaa. Hizo pastéis ni kama vitobosha vya mayai na maziwa, vya moto, unanyunyiza mdalasini mwenyewe. Kunywa na bica, kahawa nzito ya kikombe kidogo, ndugu yake kahawa tungu. Nilikula vinne. Mnara wa Belém niliutazama kwa nje tu, ukanitosha.

Tramu namba 28 kila mtu atakwambia upande. Mimi nilipanda, nikasimama nimebanwa kama matatu ya jioni, na mwenzangu akaibiwa simu. Ukitaka lazima, wahi alfajiri. La sivyo tembea, ila vaa viatu vyenye kushika, vile vijiwe vyao vya njiani vimelainika kama sabuni.

Pahali nilipopapenda kuliko pote ni Carmo, kanisa lililovunjika paa katika tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755. Matao yamesimama na juu ni mbingu. Kwenye kambi ya askari katika kiwanja kilicho mbele yake ndipo serikali ya Caetano, mtawala wa kiimla wa Ureno, ilipojisalimisha tarehe 25 Aprili 1974. Nilikaa kwenye benchi nikawaza wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, waliokuwa na makao yao Dar es Salaam, na jinsi jambo lililoishia kwenye kiwanja kidogo hiki, chini ya miti, lilivyoifikisha Msumbiji kwenye uhuru mwaka uliofuata. Kiwanjani pale hakuna kelele, watoto wanacheza mpira.

Ile nusu siku yako ya mwisho, panda feri Cais do Sodré uvuke kwenda Cacilhas. Ni dakika kumi hivi, unakaa na watu wanaotoka kazini, na mji wote unauona nyuma yako ukipanda vilima. Mimi nilivuka, nikala samaki wa kuchoma, nikarudi na feri iliyofuata. Ingekuwa feri ya Likoni, kwetu Mombasa, bado tuko kwenye foleni.