Shangazi, mchumba wangu ni mwana wa mfalme, na alinyamaza

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 29, ni mkunga, na baba yangu ni seremala. Kwa miaka mitatu nimekuwa na kijana ambaye ni mrithi wa kiti cha enzi. Amenichumbia. Wiki iliyopita niliitwa kasri, mkuu wa itifaki akanisomea masharti: niache kazi kabla ya harusi, nifunge akaunti zangu za mitandaoni, na kaka yangu, aliyewahi kufungwa miezi minane kwa kupigana akiwa na miaka 19, asionekane harusini. Mchumba wangu alikuwepo. Alinyamaza, akawa anaangalia simu yake. Mama anasema bahati haiji mara mbili. Rafiki yangu anasema yatanikuta ya Meghan. Nampenda sana. Nikubali?

Mkunga Njia Panda

Marahaba mwanangu.

Barua yako ni ya kurasa nne, nami nimeifupisha ili nisikuanike. Karibu yote unanieleza upole wake, jinsi anavyokusubiri ukitoka zamu ya usiku, jinsi anavyomheshimu baba yako. Kisha katikati, kana kwamba ni jambo la kupita, ukasema alinyamaza akaangalia simu. Nimeirudia sentensi hiyo kuliko barua yote iliyobaki.

Nimalizane kwanza na huyo Meghan, aliyeolewa na mwanamfalme Harry wa Uingereza, maana najua wasomaji wangu hawataniacha. Yeye na mumewe walijitoa kwenye majukumu ya kifalme mwaka 2020. Nani alimkosea nani, watu wanabishana hadi leo na mimi simo. Ninachokiona ni kimoja: maisha ya kasri yalipomshinda mke, mume aliondoka naye.

Mfano ninaotaka ulale nao ni wa Masako Owada wa Japani. Alisoma Harvard, akawa mwanadiplomasia. Naruhito, ambaye baadaye ndiye aliyerithi kiti, alikutana naye mwaka 1986, akamposa, akakataliwa, akaposa tena. Alipokubali mwishowe, Masako mwenyewe aliwasimulia waandishi wa habari ahadi aliyopewa: kwamba Naruhito atamlinda maisha yake yote kwa nguvu zake zote. Wakaoana Juni 1993.

Ahadi tamu. Hata wako najua amekuambia maneno kama hayo, wote husema.

Sasa sheria ya Japani inawaruhusu wanaume tu kurithi kiti, basi nchi nzima ikakaa kulitazama tumbo la huyu mwanamke. Mwishoni mwa 1999 mimba iliharibika. Desemba 2001 akajifungua binti, Aiko, na minong'ono badala ya kukoma ikazidi. (Wewe mkunga unajua vizuri kuliko mimi ni mbegu ya nani inayoamua jinsia ya mtoto, lakini lawama hadi leo hufikia mlango wa mama.) Mwishoni mwa 2003 akaacha kuonekana hadharani. Julai 2004 ikatangazwa kuwa anaugua maradhi yatokanayo na msongo wa kujaribu kuzoea mazingira.

Miezi miwili kabla ya tangazo hilo, mumewe alikutana na waandishi wa habari akasema yapo mambo yaliyofanyika yaliyokana taaluma ya mke wake na utu wake. Hakumtaja mtu. Lakini mahali ambapo hata salamu hupimwa kabla ya kutamkwa, hiyo ilikuwa sawa na kupiga meza. Mdogo wake alisema hadharani kwamba afadhali angezungumza na baba yao kwanza. Kauli ile haikumponya Masako, na miaka mingi ilipita kabla hajaanza kurudi taratibu kwenye shughuli. Ila alijua mumewe amekaa upande gani wa meza. Tangu Mei 2019 mume huyo ndiye mfalme, na yeye yuko pembeni yake.

Na usije ukajipa moyo kwamba mama mkwe atakuwa ngao yako. Mkwe wa Masako, Michiko, ndiye alikuwa wa kwanza asiye wa ukoo wa kifalme wala wa makabaila kuolewa na mrithi wa Japani. Hiyo ilikuwa mwaka 1959, na baba yake alikuwa mwenye kampuni ya kusaga unga. Mwaka ule ule wa 1993 Masako alipoingia, magazeti yalimsakama Michiko mpaka akaanguka, na kwa miezi kadhaa hakuweza kutoa sauti. Miaka 34 ya ndoa, ameshakuwa malkia, na bado wapo waliomwona mgeni. Ndoa nyingine ukishazaa mtoto wa pili mawifi huchoka wenyewe. Hii hawachoki, kwa sababu kuna watu wanaolipwa mshahara ili wasichoke.

Haya, masharti yenyewe. Akaunti za mitandaoni funga, hilo wala halistahili ugomvi.

Kazi ni suala jingine. Mwigizaji Grace Kelly aliolewa na mtawala wa Monaco mwaka 1956 akiwa tayari na tuzo ya Oscar. Mwaka 1962 mwongozaji Hitchcock alimwita arudi kwenye sinema, akakubali, wananchi wa Monaco wakaja juu, akajitoa. Hakuigiza filamu kubwa tena. Kwa hiyo anayekuambia "pumzika kidogo kwanza, utarudi" anakudanganya, hata kama anakudanganya kwa upendo. Mimi pia sioni utakavyozalisha ukiwa mke wa mrithi. Mama mwenye uchungu hataki mlinzi mwenye redio mlangoni. Lakini leseni yako usiiache iishe muda wake. Ilipie kila inapotakiwa, hata ukiwa umevaa taji.

Tafuta wakili wako, asiwe wa kupendekezwa na kasri, akusomee kila karatasi. Alexandra Manley, mzaliwa wa Hong Kong, aliolewa na mwanamfalme Joachim wa Denmark mwaka 1995, wakatalikiana 2005. Posho yake ilikuwa imewekwa kisheria, kwa hiyo aliendelea kulipwa hata baada ya talaka. Cheo je? Alipoolewa tena mwaka 2007, cheo cha kifalme kikamtoka. Basi wakati wengine wanakupima gauni, wewe uliza ni kipi kimeandikwa na kipi kimesemwa tu. Uliza na kuhusu watoto: wakizaliwa warithi, nani anaamua walale wapi siku ndoa ikivunjika?

Sasa kaka yako.

Harusi ya Máxima Zorreguieta na mrithi wa Uholanzi, Februari 2002, baba yake hakuwepo, kwa sababu alikuwa waziri katika utawala wa kijeshi wa Argentina. Mama naye akabaki na mumewe. Ulipopigwa wimbo wa tango ambao mtunzi wake aliutunga kumlilia baba yake, bibi harusi alitokwa na machozi mbele ya dunia nzima. Lile lilikuwa jambo zito. Utawala ule uliua watu, na ndoa ya mrithi lazima iridhiwe na bunge. Kaka yako alirusha ngumi akiwa na miaka 19 na kifungo chake alikimaliza. Hayo mawili hayakai kwenye mizani moja, na mkuu wa itifaki analijua hilo. Alikuwa anakujaribu uzito.

Mama yako usimkasirikie. Amehesabu usiku wote uliorudi na miguu imevimba, anadhani sasa umepata pa kukaa.

Turudi kwa huyu wa simu. Simwiti mwoga bado. Aliyekulia kasri hufunzwa kunyamaza kabla hajafunzwa kusoma, na huenda kwake ile ilikuwa adabu. Ndiyo maana nakupa jambo moja la kufanya kabla ya kujibu posa. Mwambie hivi: "Kaka yangu atakuja harusini. Nataka umwambie mkuu wa itifaki wewe mwenyewe, nami nikiwa nimekaa hapo hapo." Usiongeze neno. Usilie, na usimpigie simu usiku kumkumbusha.

Anaweza kushindwa. Wenye kasri wanaweza kukataa katakata, na kaka yako akaitazama harusi kwenye televisheni. Akishindwa akiwa amesema, mwanangu, olewa naye. Akiitoa simu tena, mrudishie pete, na barua ya kuacha kazi usiipeleke.